Anayesifu Awe Ameona

Tarehe 2 Julai, mwaka wa shule unapofungwa, uwanja wa shule hapa Nyantende, mashariki mwa Kongo, hujaa watu mapema. Akina mama wamevaa vitenge vya sikukuu, watoto wamepakwa mafuta usoni, na baadhi ya akina baba wamefika kwa pikipiki kutoka Bukavu, maana kazi iko huko. Ni siku ya proklamasio. Direkta anafungua karatasi na kusoma: wa kwanza, fulani, asilimia kadhaa. Makofi na vigelegele. Wa pili. Wa tatu. Tangu hapo makofi yanapungua, na jina la ishirini likitajwa watu wameshaanza kuongea habari za maharage. Mtoto wa arobaini na tatu anapokea buletini yake kimyakimya.

Nimesimama katika uwanja kama huo nikiwa mtoto, nikarudi nikiwa mzazi. Swali moja halijaniacha: makofi yale yanamfundisha nani, na yanamfundisha nini?

Mmarekani B. F. Skinner (1904–1990), aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi njiwa na panya wanavyojifunza, alikuwa na jibu kali. Kwake, thawabu haipimwi kwa nia njema ya mtoaji. Inapimwa kwa jambo moja: je, kitendo kilichoitangulia kimeongezeka? Kama hakikuongezeka, ulichotoa hakikuwa thawabu, hata ungetoa ng'ombe. Kwa kipimo hicho proklamasio inaanguka. Makofi ya Julai yanakuja miezi mingi baada ya ile asubuhi ya Septemba ambapo mtoto alirudia hesabu yake mara tatu mpaka ikakubali. Hajui ni kitendo kipi kinachoshangiliwa. Anajua tu kwamba yeye ni wa kwanza, au kwamba siye.

Kipimo hichohicho kinafichua jambo jingine, na hili linauma zaidi. Katika darasa lililojaa, ni jina la nani linaloitwa mara nyingi kuliko yote? La mtukutu. Aliyetulia akaandika hatajwi tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Mtoto mwenye kiu ya kuonwa atakubali kuonwa hata kwa hasira, na hapo karipio linageuka malisho: mwalimu anadhani anauzima utukutu, kumbe anaunenepesha.

Hata hivyo siwezi kumfuata Skinner hadi mwisho wa njia. Kipimo chake hakiulizi kama sifa ni ya kweli. Wale ambao Watanzania siku hizi huwaita chawa, wanaomsifu mkubwa kwa hekima ambayo hajawahi kuionyesha, nao wanaongeza kitendo. Mkubwa ataendelea kunena na kuamuru vilevile, kwa nguvu zaidi. Kwa kipimo cha matokeo, sifa ya chawa na sifa ya mwalimu mwema zinakaa kikapu kimoja. Moyo wangu unakataa kuziweka pamoja, na nilihitaji kujua kama moyo una hoja.

Hoja niliikuta mahali nisipotarajia, Morogoro. Huko shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Fimbo haina nafasi. Panya akilenga sawasawa husikia mlio mfupi, kisha hupewa ndizi au karanga. Mlio wenyewe haushibishi. Kazi yake ni kuikamata ile nukta ya wakati na kusema: hapo hapo, ndicho. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa kwa njia hiyo, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunukia nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022.

Lakini kilichonishika zaidi ya nishani ni hiki. Katika uwanja wa kweli wa mabomu, panya akikwaruza udongo hapewi ndizi papo hapo, kwa sababu msimamizi bado hajui kama chini kuna bomu. Akitoa ndizi kwa kubahatisha, huenda analipia uongo, na panya atajifunza kukwaruza popote. Ndizi inatolewa kwenye mazoezi, mahali ambapo walimu wanajua kilichofukiwa na kilipo. Hata kwa mnyama, basi, thawabu inamngoja mtu anayejua. Ndiyo maana sifa ya chawa inanuka: ametoa ndizi bila kutazama udongo. Neno "vizuri" ni ushahidi, na shahidi ambaye hakuwapo hana la kusema.

Nchini mwetu hata neno la thawabu yenyewe, motisha, limepita njia ngumu. Miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa haifiki, wazazi walianza kuwalipa wao wenyewe, na michango hiyo ikaitwa motivasio. Mtoto ambaye kwao pesa hazikupatikana alirudishwa nyumbani na daftari lake mkononi. Mwaka 2019 ukaja utekelezaji wa elimu ya msingi bila malipo, iliyokuwa imeahidiwa na Katiba ya 2006, na madarasa yakafurika. Simlaumu mwalimu aliyeipokea pesa ile. Naye alikuwa na watoto wa kulisha. Ila mshahara ni haki ya mtu, na kuuita motivasio kulituzoesha kuamini kwamba kinachomsukuma binadamu lazima kitoke mfukoni mwa mwingine.

Imani hiyo ina kasoro. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walionekana baadaye kuichoka ile kazi waliyoipenda. Waliopewa cheti kama hicho bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Karatasi ilikuwa ileile. Kwa wa kwanza ilikuwa bei waliyopatana. Kwa wa pili ilikuwa neno la mtu aliyetazama.

Nikiwa mdogo nilipanda maharage na mama kwenye mteremko. Mashimo yangu yalikuwa na kina kupita kiasi. Mama hakusema kitu, aliendelea na mstari wake, mpaka nilipochimba moja la kina kinachofaa. Akaweka jembe chini. "Aksanti, papa. Shimo ndilo hilo." Sikupewa kitu. Nilichimba mashimo ya namna ile mpaka jioni, na mpaka leo mkono wangu unakijua kina kile.

Mwalimu ataniambia: mama yako alikuwa na wewe mmoja, mimi nina watoto sitini, nitawaonaje? Ana haki ya kuuliza. Shule zetu zinakosa vitabu na madawati, lakini naona zaidi zinakosa macho, na macho hayanunuliwi kwa zawadi za Julai. Tunayo nafasi ya kupunguza watoto katika kila darasa, kama tungeithamini kuliko sherehe. Na kabla ya hapo, mwalimu anaweza kuchukua safu ya dirishani leo, ya ukutani kesho.

Niliwahi kumwona mmoja akifanya hivyo. Aliinama kwenye dawati la nyuma, akaweka kidole chini ya neno moja katika daftari la msichana ambaye jina lake halijawahi kusomwa miongoni mwa kumi wa mwanzo. "Hapa jana ulikosa," alisema. "Leo umepata." Kisha akaendelea na safu. Msichana alilitazama neno lile kwa muda, akafungua ukurasa mpya.