Wazo la Leo: Kishada cha Likizo

Likizo ya Juni huja na upepo wa kusi. Mzazi wa pwani, usiuache upite bure. Chomoa njiti mbili za chelewa kwenye ufagio, zifunge msalaba kwa uzi, kisha zibandike kwenye gazeti la zamani. Gundi haihitaji duka: koroga unga wa ngano kwa maji, upike hadi uwe mzito. Ongeza mkia wa vitambaa chakavu, funga uzi mrefu, kishada tayari.

Mwachie mtoto akirushe. Kikizunguka ovyo na kuanguka, usimnyang'anye. Muulize, "Unaonaje, mkia unatosha?" Ataurefusha mwenyewe na kukiona kikitulia, kwa kuwa mkia ndio unaokizuia kuyumba. Hapo amejifunza kuchunguza, kukosea na kurekebisha, bila daftari wala kiboko.

Kitu cha dukani mtoto hukitumia tu, alichokitengeneza hukielewa. Basi leo jioni weka simu kando, keti naye barazani, mikono yake ifanye kazi na yako isaidie. Kisha nendeni uwanjani, mbali na nyaya za umeme, mkakirushe pamoja.