Risasi Nzuri, Shabaha ya Jirani

Tarehe 26 Septemba 1874, maelfu ya watu walifurika uwanja wa Creedmoor, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York, kuwatazama wanaume 12 wakishindana kulenga shabaha. Sita walitoka Ireland. Mwaka mmoja kabla Waireland walikuwa wametwaa Ngao ya Elcho, tuzo ya kulenga shabaha masafa marefu, kule Wimbledon, Uingereza, wakajiona hawana mpinzani, wakatangaza gazetini kwamba wako tayari kupambana na Wamarekani. Klabu moja changa ya New York ikaitika. Kila mlengaji angepiga risasi 15 kutoka yadi 800, nyingine 15 kutoka 900, na 15 za mwisho kutoka 1,000, yaani mita 914 hivi. Risasi iliyoingia kwenye kiini ilihesabiwa alama 4, na iliyokosa haikupata kitu.

Kisa hiki ningependa kila kijana anayevutiwa na bunduki za masafa marefu akisikie kabla hajatoa hata senti moja kununua mtutu.

Waireland walikuja na magobore, ila usiyafikirie yale ya kuwindia swala kijijini. Yalikuwa kazi ya John Rigby wa Dublin, fundi wa ukoo wa mafundi, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wapigaji sita siku ile. Baruti ilipimwa, risasi ikashindiliwa taratibu kupitia mdomoni, na mtutu ukasafishwa ili kila risasi ikute njia ileile iliyopitiwa na mwenzake. Wamarekani nao walikuwa na bunduki mpya za Remington na Sharps, za kupakiwa kwa nyuma, zilizotengenezwa mahsusi kwa masafa hayo. Hepburn, fundi wa Remington, naye alikuwa ndani ya timu. Kwa hiyo pande zote mbili mafundi walizipiga kwa mikono yao wenyewe bunduki za aina waliyoibuni. Sioni kama mchezo huu umewahi kupata mwanzo wa heshima kuliko huo.

Kwenye yadi 800 Wamarekani waliongoza kwa 326 dhidi ya 317. Kwenye 900 Waireland wakapata 312 kwa 310, na kwenye 1,000 wakapata 302 kwa 298. Ukijumlisha, Marekani 934, Ireland 931. Tofauti ni alama tatu.

Sasa rudi nyuma kidogo. Katikati ya mashindano, Mwireland mmoja, J. K. Milner, alivuta pumzi, akalenga, akafyatua, na risasi yake ikaingia kwenye kiini barabara. Lakini kiini kile kilikuwa cha shabaha nyingine. Waamuzi wakamwandikia sifuri. Mlengaji mzoefu, mwenye bunduki bora kuliko karibu zote duniani, alikuwa amefanya kila kitu sawasawa isipokuwa jambo moja ambalo hata mtoto angeliweza: kutazama ni shabaha ipi. Alama zake nne zingeifikisha Ireland 935.

Watu humkumbuka zaidi Kanali John Bodine, Mmarekani aliyepiga risasi ya mwisho huku mkono ukivuja damu, kwa kuwa chupa ya bia ya tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi dakika chache kabla. Aliingiza kwenye kiini na umati ukalipuka kwa shangwe. Ushujaa wake ni wa kweli, nami siupunguzi. Lakini bila lile kosa la Milner, damu ya Bodine isingeokoa kitu.

Usidhani ni mambo ya zamani. Miaka 130 baadaye, kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali ya bunduki mita 50, mikao mitatu. Ilibaki risasi moja, na alihitaji alama 7.2 tu ili atwae dhahabu. Akafyatua. Ubao wa matokeo ukakaa kimya. Akawageukia waamuzi akionyesha kwa mikono kwamba amekwisha piga, akidhani mtambo umeharibika. Waamuzi wakashauriana, kisha wakamweleza: alikuwa kwenye njia ya 2, na risasi yake imekutwa kwenye shabaha ya njia ya 3. Ilikuwa na alama 8.1. Ingekuwa kwenye shabaha yake, angekuwa bingwa. Akashuka hadi nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China.

Emmons alieleza baadaye kwamba kwa kawaida hutazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, ndipo huishusha bunduki kwenye kiini. Safari hiyo akili yake yote ilikuwa kwenye kujituliza ili afyatue vizuri, na namba hakuitazama. Na siku mbili tu kabla, mtu huyuhuyu alikuwa ameshinda dhahabu ya kupiga kwa kulala akitumia bunduki ya kuazima, kwa sababu yake ilikuwa imeharibiwa na mtu asiyejulikana miezi michache nyuma.

Hapo ndipo ninapowasihi wanaojenga bunduki zao wenyewe. Hobi hii ina utamu wake, sikatai. Unachagua mtutu, fundi anaukereza kwa vipimo visivyoonekana kwa macho, unatafuta kitako kinachokaa begani, unapima baruti punje kwa punje, unajifunza kuusoma upepo kwa nyasi na mawimbi ya joto. Jina la Creedmoor lenyewe lingali hai, limepewa risasi ya mwaka 2007 inayopendwa mno na walengaji wa leo. Ila kadiri unavyozama kwenye usahihi, ndivyo macho yako yanavyobanwa. Darubini inayokuza mara 25 inakuonyesha kiduara kidogo tu cha dunia. Kiini cheusi unakiona kikubwa na safi, na ubao wa namba umebaki nje ya duara. Shabaha ya jirani ukiitazama kupitia kioo hicho haina tofauti hata chembe na yako. Ni sawa na fundi cherehani aliyeshona suti bila kasoro kwa vipimo vya mteja mwingine.

Uwanjani gharama yake ni alama. Porini ni nyingine kabisa. Mwindaji anayetumia darubini ya bunduki kutafutia mnyama amekwisha elekeza mdomo wa mtutu kwa chochote anachokitazama, awe paa au mama anayekata kuni. Bunduki iliyojengwa vizuri haitamsamehe kwa kukosa.

Kwa hiyo, kijana, darubini ya kutazamia iwe mbali na bunduki, shingoni mwako. Inua kichwa kutoka kitakoni baada ya kila risasi, hata kama mkao umekukaa vizuri na unaogopa kuuvunja. Soma namba kwa macho matupu au kwa darubini ya mkononi, umwambie mwandishi wa alama aliye nyuma yako, naye akujibu. Ndipo upakie.