Kujitolea na Kutolewa

Nilimvua msichana wa Kidato cha Pili tepe zake mbili kwa sababu ya swali. Alikuwa kiongozi wa kikosi katika Girl Guides wa shule niliyokuwa nikifundisha, nami nilikuwa mlezi wao. (Naam, utani wa "magaidi" tumeusikia wote, tuendelee.) Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa siku ya kutuza wanafunzi. Nikawaambia kwamba, kama kawaida, watajitolea: wapange viti, wapokee wageni, wamimine chai, waoshe vyombo. Akainua mkono.

"Mwalimu, na maskauti watafanya nini?"

Maskauti, yaani wavulana, walikuwa wamepangiwa kubeba bendera na kuongoza gwaride la kumkaribisha mgeni wa heshima. Nikamwambia hivyo. Akafikiria kidogo.

"Basi mimi sijitolei. Ama hiyo pia hairuhusiwi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kiongozi ni mtumishi, nikamkumbusha ahadi aliyoitoa mwenyewe akiwa ameinua vidole vitatu. Jumatatu nikamvua tepe mbele ya wenzake, na jioni nikalala vizuri kabisa. Usingizi ulianza kunisumbua baadaye, pole pole, na kilichonisumbua ni neno lenyewe.

Hebu litazame. Ndani ya kujitolea mna -ji-, silabi ndogo inayosema kwamba mtoaji na kinachotolewa ni mtu mmoja. Iondoe, ugeuze kitenzi kidogo tu, unabaki na kutolewa. Mbuzi hutolewa. Kafara hutolewa. Sijawahi kusikia mbuzi aliyejitolea. Na kwa macho ya mgeni anayekunywa chai, msichana aliyejitolea na msichana aliyetolewa hawana tofauti: wote wamevaa sare safi, wote wanatabasamu. Tofauti inaonekana siku mmoja wao anaposema la. Aliyejitolea anasema la na anarudi nyumbani na tepe zake.

Mwalimu mwenzangu, mama niliyemheshimu sana, alinipinga nilipomweleza haya. "Wewe nani alikuuliza kama unataka kwenda mtoni?" akaniambia. Watoto hawazaliwi na moyo wa kutoa, alisema. Unawatuma, wananung'unika, wanazoea, na siku moja unawakuta wanafanya bila kutumwa. Samaki mkunje angali mbichi. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza, kwa sababu mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Ukingoja mtoto ajisikie ndipo aoshe sufuria, utakula kwenye sufuria chafu. Lakini msichana yule hakuuliza kwa nini tufanye kazi. Aliuliza kwa nini sisi chai na wao bendera. Kama kumimina chai kunajenga viongozi, mbona tunawanyima wavulana nafasi hiyo?

Ajabu ni kwamba chama hiki kilizaliwa na wasichana wasioalikwa. Mwaka 1909, maskauti walipokusanyika Crystal Palace, London, kundi la wasichana lilijitokeza likiwa limevalia kiskauti, likisema nasi tumo. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Nyeri, alimwomba dada yake Agnes awashughulikie, na mwaka 1910 wakapata chama chao. Wakapata na masharti. Vikosi vilivyokuwa vimejipa majina ya wanyama, kama vile vya wavulana, vikaelekezwa kuchukua majina ya maua. Mtu anajitokeza akiwa simba, anaandikishwa akiwa waridi. Nikisoma kisa hicho siku hizi namwona msichana wangu wa Kidato cha Pili, na kwa bahati mbaya najiona pia mimi, nikiwa nimeshika orodha ya maua.

Hata hivyo sitaki kusema chama hakijengi viongozi, maana nimewaona wakijengeka. Mwaka mmoja tulipiga kambi mahali ambapo tangi lilikauka siku ya pili. Walezi tulikuwa tumekwenda kutafuta gari la maji, na tuliporudi tukakuta msichana wa Kidato cha Kwanza, mpole kiasi kwamba sikuwa na hakika ya jina lake, amekusanya maji yote yaliyobaki kwenye ndoo tatu. Moja ya kupikia, moja ya kunywa, moja ya wagonjwa. Wakubwa wake walikuwa wamepanga foleni kila mtu na kikombe chake, yeye wa mwisho. Mmoja alitaka kunawa uso akakataliwa, akaleta fujo, na yule mdogo hakutetereka. Hakuna aliyemtuma. Na maji yale yangeweza kumwagika mikononi mwake, lawama zote zikawa zake. Nadhani hapo ndipo penyewe. Chai ya wageni haina uamuzi ndani yake. Ilishaamuliwa ofisini, bado kumiminwa tu.

Tukitoka shuleni mambo ni yaleyale. Angalia matanga yetu: nani yuko jikoni tangu alfajiri, na nani yuko kwenye hema ameshika kipaza sauti? Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao wanawake, walizunguka nyumba hadi nyumba wakiitwa wa kujitolea. Mwaka 2023 wakapewa jina jipya na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ya kugawana serikali kuu na kaunti. Miguu ilikuwa ileile, vumbi lilelile. Wakati huohuo Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na Bunge likashindwa kutunga sheria hiyo hadi Jaji Mkuu Maraga, Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kwa kujitolea, nchi hii haijawahi kulalamika kwamba wanawake wamezidi theluthi mbili.

Mwaka uliofuata sikusoma orodha. Niliuliza nani anataka chai. Kati ya wasichana 30 na ushee, mikono minne ikainuka. Nikaenda ofisini kusema tutahitaji maskauti jikoni. Nikaulizwa kama nimeanza kufunza siasa. Tulikubaliana baada ya kuvutana sana: wavulana wanane wakamimina chai, kwa kuimwaga zaidi, na wasichana wawili wakabeba bendera. Moja ilishikwa vibaya, ikazungumzwa kwenye mkutano wa walimu kwa dakika nyingi kuliko matokeo ya mtihani.

Mwenye swali hakuwepo. Alihama shule mwisho wa muhula ule, kabla sijapata maneno ya kumwambia. Tepe zake mbili ziko kwenye droo yangu, bado zina uzi wa bluu nilioukata mwenyewe kwa wembe.