Pumziko ni la Nani?

Katika lugha yetu neno "kupumzika" ni ndugu wa "pumzi". Apumzikaye ni yule aliyekuwa akihema kwa kazi, na sasa ameketi ili pumzi imrudie. Hatudhani kwamba yuko msomaji wetu hata mmoja awezaye kukataa kuwa jambo hili ni jema. Lakini tumejikuta na swali, nasi twalileta mbele ya jamaa zisomazo ukurasa huu: mtu akipumzika, pumzi hiyo aipata wapi? Je, ni yake mwenyewe, au ameikopa kwa mtu mwingine bila kumwarifu?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Tulilipata safarini mkoani Singida, mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Jamaa moja ya marafiki zetu ilikuwa imeazima gari la namna ionekanayo siku hizi katika barabara zetu, hasa kwa wageni walivukao bara la Afrika toka kaskazini mpaka kusini: gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo na tangi la maji, hata mtu aweza kula na kulala popote usiku umkutapo. Walikuwa baba, mama, vijana wawili wa kiume na binti wa miaka tisa. Walitualika kufuatana nao kwa siku tatu, nasi tulikubali upesi, maana mhariri wa gazeti la kila juma naye ana mapafu.

Tuliondoka Dodoma alfajiri. Tukapita Manyoni na Ikungi, tukafika mji wa Singida, penye mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa yake mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Lami tuliiacha Iguguno, tukashika njia ya Nduguti katikati ya mashamba ya alizeti na mtama. Jioni, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, tuliegesha gari chini ya mgunga, mahali pasipo mbali na Mto Sibiti, ule utokao Ziwa Kitangiri ukaenda kumwaga maji yake katika Ziwa Eyasi.

Nchi hiyo ni kavu. Vijito vyake vingi hujaa wakati wa mvua, na kiangazi kikiingia maji hujificha chini ya mchanga. Wenyeji hufukua vishimo, wakangoja maji yajikusanye taratibu, wakayachota kwa kikombe au kata hata ndoo ijae. Asubuhi ya pili tulitoka kutembea kando ya kijito cha namna hiyo: baba, watoto na sisi. Hewa ilikuwa baridi, mchanga haujapata moto, na nyayo za mbuzi na za ndege zilikuwa zimeandikwa juu yake kama hati. Tulikwenda kwa muda wa saa nzima bila haraka yoyote, na twakiri kwamba tangu siku nyingi moyo wetu haukuwa umetulia hivyo.

Penye kona ya kijito tuliwakuta wanawake watano wameketi kuzunguka vishimo vyao, na punda wawili wamesimama kivulini. Mmoja wao alikuwa bibi mzee. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza kama ilivyo desturi tulikokuwa tukienda.

"Tunatembea tu, bibi," akajibu baba.

"Mnatembea tu," akarudia bibi polepole, kama mtu ageuzaye sarafu mkononi aone kama ni nzima. Kisha akawatazama watoto. "Na mama yao yu wapi?"

Binti akajibu mbele ya wote, "Yuko garini, anapika."

"Garini? Kumbe na jiko mmekuja nalo?"

Tukamweleza habari za lile gari. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi huyo mama hajasafiri. Amehamishwa tu." Wenzake wakacheka sana, nasi tukacheka. Lakini tuliporudi, baba alitembea mbele peke yake, wala hakusema neno.

Yatupasa kuungama jambo moja. Tulipowaona wanawake wale kwa mbali, tulikuwa tumekwisha kuanza kuandika makala moyoni. Ilikuwa makala ya huruma: sisi twatembea kando ya mto kwa raha, wao kando ya mto ule ule kwa taabu, basi tuone haya. Mawazo hayo hayakuwa ya uongo. Kuchota maji mchangani kikombe kwa kikombe ni kazi ngumu, na kijiji kama kile chastahili kisima. Tena apitaye hapo kwa raha zake ana wajibu ulio wazi, yaani asioge kwa sabuni juu ya vishimo vya watu, asikate miti yao kwa moto wake, asimpige mtu picha kana kwamba ni twiga. Lakini huruma ile ilikuwa na kasoro: ilitufanya tutazame mbali. Hatukumwona mtu aliyekuwa karibu nasi, ambaye chai yake tulikuwa tumeinywa saa moja kabla. Bibi yule ndiye aliyemwona, naye hajapata hata kukutana naye.

Tufikiri basi. Amri ya tatu yaagiza siku ya kupumzika, na Kitabu cha Kutoka, katika sura ya ishirini, chataja waziwazi wale ambao pumziko ni haki yao: wewe, mwana wako, binti yako, mtumishi wa kiume na wa kike, mnyama wako, na mgeni akaaye kwako. Katika sura ya ishirini na tatu sheria hiyo yarudiwa, na neno la Kiebrania litumikalo hapo kwa kupumzika kwa mwana wa mjakazi na kwa mgeni ni neno lenye asili ya pumzi, kama letu. Katika sura ya thelathini na moja neno lile lile latumika kwa Mungu mwenyewe alipomaliza kuumba. Hivyo mjakazi hapewi pumziko la namna ya pili, lililobaki mezani kwa bwana wake.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba katika orodha ile mke hakutajwa. Wako wafasiri wasemao ametiwa ndani ya neno "wewe". Na iwe hivyo. Lakini katika nyumba zetu nyingi mambo huenda kana kwamba amesahauliwa kabisa. Jumapili baba huketi, watoto hucheza, wageni huja, na moshi wa jikoni siku hiyo ni mwingi kuliko siku za kazi. Papa Leo wa Kumi na Tatu alipotetea, mwaka 1891, haki ya mfanyakazi kupumzika Jumapili, watu walifikiri viwanda na migodi. Wangapi walifikiri mafiga matatu?

Twajua jibu tutakalopewa. Watasema, "Mama mwenyewe apenda. Ukimwondoa jikoni atanung'unika kwamba mnamharibia sufuria." Huenda ni kweli, wala hatuna nia ya kumfukuza mtu katika kazi aipendayo. Lakini apendaye kupika hupenda pia kuulizwa. Mt. Tomaso wa Akwino, atakapo kuonyesha kwamba nafsi yahitaji burudani kama mwili uhitajivyo usingizi, asimulia habari za Mtume Yohane na upinde: upinde ukivutwa daima bila kulegezwa utavunjika. Hasemi kwamba upinde wa nyumba moja wavutwa na mama ili nyuzi za wengine zipate kulegea.

Tena iko habari ya Injili kwa Marko, sura ya sita, ambayo twaisoma mara nyingi bila kuiangalia vema. Mitume walikuwa wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Bwana akawachukua mahali pa faragha wapate kupumzika kidogo. Makutano wakawatangulia kwa miguu. Jioni ilipofika na njaa ikauma, ni nani walioambiwa wawalishe watu? Ni wale wale waliokuja kupumzika. Wanaume kumi na wawili, wenye uchovu wao, wakawa wapakuzi, wakapita katikati ya makundi yaliyoketi kwenye majani. Wala hatusomi kwamba walitafuta wanawake katika umati ule ili wawaachie kazi.

Turudi Mkalama. Siku ya tatu tuliamshwa na kelele za vyombo. Baba alikuwa amesimama mbele ya jiko akibishana na kijana wake mkubwa juu ya kiasi cha unga wa uji, na mdogo alikuwa akisugua sufuria ya jana kwa mchanga. Sisi tulipewa vitunguu tukate, ingawa hatukuelewa vina kazi gani katika chakula cha asubuhi. Mama alikuwa ameketi juu ya ngazi ya gari, hana la kufanya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotelewa na kitu. Mara mbili alinyanyuka kuja kusaidia, mara mbili akarudishwa. Mwishowe binti yake akamshika mkono.

Uji uliungua. Tuliula hivyo hivyo, wala hakuna aliyesema. Jua lilikuwa limepanda sana waliporudi wale wawili, nao walikuwa wamebeba ndoo moja ya maji, wakiishika kwa mikono miwili, huyu upande huu na huyu upande ule. Tulimwuliza mama walikokuwa siku nzima.

"Tulikuwa tumeketi tu na bibi," akasema.