Jiwe la Odin Lilikuwa la Nani?

Mahali patakatifu ni pa nani? Ni pa aliyepajenga, pa mwenye karatasi ya ardhi, au pa yule anayepajia kwa heshima? Sisi tunaoishi kwenye ardhi ya wengine hatuwezi kulikwepa swali hili. Kila siku tunaokota kuni, tunachimba vyoo, tunasimamisha nyumba mahali ambapo wengine walikuwa na mambo yao kabla yetu. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnaochora ramani ya bloku mpya, linawahusu pia. Nitalijibu kwa kisa cha mbali, maana kisa cha mbali hakimkasirishi jirani.

Kaskazini mwa Uskoti kuna visiwa vinaitwa Orkney. Katika eneo la Stenness, karibu na ziwa, yamesimama mawe makubwa, lililo refu zaidi likikaribia mita 6. Yalisimamishwa miaka kama 5,000 iliyopita. Waliofanya kazi hiyo hawakuacha maandishi, na jina la hata mmoja wao halijulikani.

Pembeni ya mawe hayo lilikuwepo jingine lenye tundu, likiitwa Jiwe la Odin. Vijana waliotaka kuchumbiana walisimama mmoja huku, mwingine kule, wakashikana mikono kupitia tundu hilo na kuapa. Hapo hakuna mchezo tena. Aliyevunja kiapo cha pale alihesabiwa mtu asiyefaa. Waliofika waliacha kitu kidogo: kipande cha mkate, jibini, kitambaa, au hata kijiwe tu. Na watu hao walikuwa Wakristo. Wachumba wakishindwana walikwenda kanisani Stenness, mmoja akatokea mlango wa kusini na mwingine wa kaskazini, basi, kiapo kimefunguliwa. Jiwe lilifunga, kanisa likafungua, wala hawakuona ugomvi kati ya hayo mawili.

Mwaka 1814 shamba lenye mawe hayo lilikuwa limepangishwa kwa Kapteni Mackay, ambaye hakuwa mzaliwa wa Orkney. Alichoka na watu kukatiza shambani kwake kila mara. Mwezi Desemba akaanza kuyavunja mawe. Jiwe la Odin likaenda, na mawe mengine ya pale yakaguswa pia: moja likavunjwa, jingine likaangushwa. Wenyeji waliwaka. Walijaribu mara mbili kumchomea nyumba. Mwishowe alizuiwa asiendelee, lakini Jiwe la Odin halikurudi tena. Lile lililoangushwa lilisimamishwa upya mwaka 1906.

Sasa tuulize bila kupendelea. Mackay alikuwa na haki ya shamba. Majirani zake walikuwa na haki gani? Si wao waliolisimamisha jiwe. Hata hilo jina la Odin ni la mungu wa kale wa watu wa Skandinavia, waliofika visiwani kwa mashua kutoka Norwe zaidi ya miaka 3,000 baada ya mawe kusimama. Kisha mwaka 1468 mfalme wa Denmaki na Norwe aliviweka visiwa rehani kwa ajili ya mahari ya binti yake, vikaangukia mikononi mwa Uskoti, na Waskoti wengi wakahamia. Kwa hiyo wale waliolia mwaka 1814 walikuwa watoto wa wageni, waliolirithi jiwe kutoka kwa wageni wengine. Tukisema patakatifu ni pa aliyepajenga, basi jiwe lile halikuwa la mtu yeyote aliye hai, na Mackay hana kosa.

Mimi siamini hivyo. Naona mahali patakatifu ni kama sanduku la amana. Kila anayepita anaweka humo kitu chake: kiapo, ombi, shukrani, kilio. Aliyelichonga sanduku anaweza kufa na kusahaulika, lakini amana za waliokuja baadaye bado zimo. Mackay alipangishiwa udongo. Viapo vya watu hakupangishiwa, wala hakuna mwenye shamba ambaye angeweza kumpangishia.

Kule Munlochy, karibu na mji wa Inverness, iko chemchemi ambayo watu hufunga vitambaa kwenye miti iliyoizunguka. Imani yao ni kwamba kitambaa kikioza, ugonjwa nao unaisha. Na ukikifungua kitambaa cha mwenzako, ugonjwa wake unakuhamia wewe. Unaweza kuiita ushirikina ukitaka. Mimi nasikia ndani yake neno la busara: usiguse alichokiweka mwenzako kwa machozi. Mwaka 1581 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku kuhiji kwenye visima kama hivyo. Vitambaa vinafungwa Munlochy mpaka leo.

Najua atakuwepo wa kuniambia: wewe unaongea habari za mawe, na mimi watoto wangu wanalala njaa. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Mama anayekata mti ili apike maharage ya mgao hafanani na mtu anayevunja jiwe kwa sababu amekereka. Lakini shida inatuondolea lawama nyingi, haituondolei wajibu wa kuuliza. “Mzee, mti huu una habari gani?” Kuuliza hivyo hakuhitaji pesa wala kibali. Mackay aliishi katikati ya watu ambao wangemweleza yote, na pengine wangekubali wapite njia moja tu, shamba lake lipone. Nao wenyeji wana wajibu wao: kujibu kabla ya kuwasha kiberiti. Moto usingelirudisha jiwe.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Hapa Turkana, upande wa Kalokol, kuna nguzo za mawe zinazoitwa Namoratunga. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuka mawe. Wataalamu wanasema ni kazi ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita, umri ule ule wa mawe ya Stenness, zamani sana kabla Waturkana hawajafika. Walipofika wakazikuta. Wangeweza kusema si zetu. Badala yake wakazipa hadithi, na hadithi hiyo ndiyo amana yao.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu yetu ilipita miaka mingi iliyopita, na jembe tunalo. Ila anayepewa jembe huonyeshwa pia mahali pa kulima na mahali pa kuacha. Tukionyeshwa, tuache. Na mwenyeji naye asituzuie kuweka kitu chetu. Watoto waliozaliwa hapa wameshaanza kuapizana chini ya miti ya hapa, kwa lugha tulizokuja nazo. Siku moja atakuja mgeni mwingine, atakuta mti ule, naye itambidi aulize kabla ya kuinua panga. Natumaini atakuta mtu wa kumjibu.