Kupiga Magoti Mlango wa Watu

"Viatu, mwanangu."

Nilikuwa nimeshaingia. Mzee aliyekuwa akitutembeza Songo Mnara hakupandisha sauti, alisema tu huku anatazama pembeni, kama mtu anayekustahi usiaibike. Msikiti wenyewe hauna paa. Mizizi imepenya kwenye kuta za matumbawe, mihrabu imebaki nusu, na waliokuwa wakiswali humo waliuhama mji huu mwanzoni mwa karne ya 16. Nikavua. Chini kulikuwa na moto na vipande vya kombe.

Kilichonichoma zaidi ya hivyo vipande ni kumbukumbu. Miezi michache nyuma, katika hekalu moja la Wahindu mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, nilivua viatu bila kuambiwa na mtu. Nikavipanga vizuri kabisa, kisigino kwa kisigino. Kule palikuwa na watu wananiangalia. Hapa kwa babu zangu hapakuwa na mtu.

Ngoja niseme nilifuata nini Kisutu. Mwenzangu wa kazini, tuliyekaa meza moja miaka sita, alitaka kwenda kumwashia taa mama yake aliyekuwa ametimiza mwaka tangu afariki. Ilikuwa siku za Navaratri, zile usiku tisa za Mama. Wao ni Wagujarati, kama Wahindu wengi wa hapa kwetu, na mungu wao huyo humwita Mata, yaani mama. Akaniomba nimsindikize. Nikasimama nyuma yake, kichwa nimekifunika, mikono nimeikutanisha kifuani kwa sababu kila mtu alikuwa ameikutanisha. Mwishoni akanipa prasadi mkononi: kipande cha nazi na kitamu cha maziwa. Nikatabasamu. Nikasema nitakula baadaye, nikakifunga kwenye tishu. Jioni, ofisini, nikakitupa.

Nazi! Mimi mtoto wa pwani, niliyeanza kula nazi sijaota meno.

Sasa kuna kisa ambacho tangu nilipokisoma chuoni nilikuwa nakicheka, na siku ile Songo Mnara sikukicheka tena. Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa pale, na mwezi uliofuata akafika Calicut, kusini mwa India. Walipokuwa njiani kwenda kumwona mtawala, wenyeji waliwapitisha kwenye jengo kubwa la mawe ya kuchonga lililoezekwa vigae. Mbele yake nguzo ya shaba ndefu kama mlingoti, na juu yake ndege. Ndani, chumba kidogo chenye mlango wa shaba wa kupita mtu mmoja, na gizani humo sanamu ndogo ya mwanamke. Kengele saba ukutani. Wareno walikuwa wametoka kwao wakiamini kwamba huko India kuna Wakristo waliopotea. Kwa hiyo wakajua wamefika: hili ni kanisa, na huyu ni Bikira Maria. Gama akapiga magoti, akasali.

Lilikuwa hekalu la mungu mama. Kusini kule majina yake ni mengi, Bhagavati kwa watu wa Kerala, Mariamman kwa Watamili, na wapo wanaodhani jina hili la pili ndilo lililowazuga Wareno wakasikia "Maria". Daftari la safari, lililoandikwa na mmoja wao, linasema waliona kutani picha za watakatifu wenye mikono minne au mitano na meno yametokeza nje. Hata hayo hayakuwashtua vya kutosha. Mtu akiwa na haja ya kuona kitu, atakiona tu.

Halafu kuna kipande ambacho wengi hukiruka. Makuhani waliwapa majivu meupe, ambayo huko watu hujipaka kwenye paji la uso. Gama akayapokea, akampa mtu wake amshikie, akaashiria kwamba atajipaka baadaye.

Unaona nilipofika. Baadaye. Neno langu lile lile, miaka mia tano kabla sijalisema.

Mwandishi mwingine wa Kireno, aliyetoa kitabu chake 1551, anaongeza mtu mmoja kwenye picha hii. Karani João de Sá alikuwa amepiga magoti kando ya bwana wake, lakini yeye macho yake yalikuwa yanaona ile mikono na yale meno. Akasema kwa sauti kwamba kama huyu ni shetani, basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Gama akamgeukia akicheka. Nimejaribu sana kumchukia João de Sá, nimeshindwa. Ana kiburi, ndiyo, na neno lake ni tusi ndani ya nyumba ya watu. Lakini katika watu wote waliokuwa sakafuni pale, ni yeye peke yake aliyetambua kwamba yuko nyumba ya watu.

Madrasa tulifundishwa kwamba matendo hupimwa kwa nia. Sawa. Nia ya Gama ilikuwa njema, sikatai, alikuwa anamwomba Maria na pengine Maria alimsikia, hilo si langu kulihukumu. Swali langu ni dogo: Mama wa Calicut alipata nini? Magoti yalipigwa mbele yake na hayakuwa yake. Aliheshimiwa kwa sababu alidhaniwa mwingine. Ni kama mtu akukumbatie stendi kwa furaha, akulilie begani, kisha agundue wewe si dada yake. Kumbatio lile lilikuwa la kweli, ila halikuwa lako, na linaweza kwisha sekunde hiyo hiyo.

Lilikwisha. Gama alirudi 1502, safari hii na mizinga. Julai alitia nanga Kilwa, huku kwetu, karibu kabisa na visiwa hivi, akamtisha Amiri Ibrahim mpaka akalipa dhahabu. Miezi michache baadaye, pwani ya India, akaikamata meli ya mahujaji waliokuwa wanarudi kutoka Makka, akaichoma moto na mamia ya watu waliokuwamo, wanawake wakiwanyanyua watoto wao juu ili waonewe huruma. Hao hakuwadhania Wakristo. Aliwajua ni Waislamu.

Ile dhahabu ya Kilwa ilifika Lisbon. Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe chombo cha kuwekea mkate mtakatifu wa misa, na maandishi kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa, kazi imekamilika 1506. Mfalme alikirithisha kwa watawa wa Santa Maria wa Belém, nyumba ya Mama, na leo kiko makumbusho ya Lisbon. Nimekiona kwa picha tu. Katikati yake kuna mitume kumi na wawili wadogo wa dhahabu, na wote wamepiga magoti. Ni kizuri, siwezi kudanganya. Nimekitazama muda mrefu nikiwatafuta watu wa Kilwa ndani yake.

Basi tukatoka msikitini, nikiwa bado nimevishika viatu mkononi, mzee akatupeleka makaburini. Katikati ya mji kuna uwanja, na makaburi yako hapo hapo kati ya nyumba, si pembeni. Wanaakiolojia waliochimba hapa kuanzia 2009 walikuta juu yake vijiwe vyeupe na sarafu za shaba zilizoachwa na watu waliokuja kuzuru. Kwenye ukuta mmoja mimi niliona chupa ya marashi na kitambaa cheupe kilichofungwa juzijuzi.

"Ni kaburi la nani, mzee?"

"La mwenyewe."

"Hajulikani?"

"Yeye anajijua. Sisi tunapiga hodi tu."

Sikuandika chochote kwa dakika kadhaa, na mimi huandika mpaka bei ya maandazi. Huyu mzee hakumfanya marehemu kuwa babu yake ili amheshimu. Hakumpachika jina. Hamjui, na anajua kwamba hamjui, na bado anapiga hodi.

Sisemi nilipaswa kula ile prasadi. Nina dini yangu, na kilichotolewa kwa mungu mwingine sikili, huo ndio msimamo wangu mpaka leo. Lakini nilikuwa na ulimi. Ningeweza kumwambia, "Mwenzangu, hiki sitakula, ila nimekuja kwa ajili ya mama yako." Angeelewa. Yeye mwenyewe hagusi nyama kwenye misiba yetu, anakula wali na mchuzi wa maharage, na hajawahi kununiwa na mtu. Ni mimi niliyeamua kwa niaba yake kwamba hataweza kubeba ukweli. Nikampa tabasamu na kapu la taka.

Niliporudi Kilwa Masoko, mtandao uliposhika, nikampigia. Nikamweleza yote, Calicut, majivu, nazi. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nilikiona," akasema. "Jioni ile ile. Nilikitoa kwenye kapu, nikaenda kukiweka chini ya mti kule nje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Kisha akaniuliza narudi lini, na kama Kilwa kuna pweza wakavu.