Ujira wa Kilele

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: watu wa pwani hawamwiti mwoga nahodha aliyekataa kutweka tanga siku ya tufani, humshukuru. Ajabu ni kuwa mtu huyohuyo wa pwani, akifika bara akapanda mlima, huona aibu kurejea kabla ya kilele. Basi swali ni hili: kiongozi wa njia akisema, "Turudi," ni nani wa kulipa gharama ya neno hilo?

Na utazamwe Rungwe, mlima ulio juu ya mji wa Tukuyu katika nchi ya Mbeya. Urefu wake ni karibu futi 9,700, na asili yake ni mlima uliotoka moto zamani. Mwenye kuupanda kwa siku moja hutoka alfajiri, akapita msitu mzito na mianzi, na penye mwinuko mkali hushika mizizi kwa mikono, mpaka atokee kwenye nyasi za juu. Pande zake za kusini hupata mvua ya inchi 100 na zaidi kwa mwaka, na ukungu huweza kushuka mara moja, mtu asione pa kuweka unyayo.

Ilimu ya mlima huo iko kwa wenyeji. Mwaka 2003 wataalamu walimtambua kima mmoja wa msitu ule, na wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani: kipunji. Mwaka 2004 akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Ikiwa wataalamu walichelewa kumjua mnyama aliye juu ya vichwa vyao, mgeni wa siku moja atalijuaje jiwe lililolegea chini ya mguu wake?

Sasa na ikadiriwe kuwa mfanyi biashara wa Tanga amwambia kijana wa Kinyakyusa: "Ukinifikisha kileleni nitakupa kadha wa kadha, tusipofika, huna kitu." Katika madhehebu ya Shafii mapatano haya yafanana na juala, ambayo mtendaji hapati kitu ila kazi itimie. Juala ni halali. Mfano wake ni mtu aliyepotelewa na mnyama, akaahidi zawadi kwa atakayemrejesha. Walakini mnyama asiporejea, mwenyewe hakuhatirisha shingo ya mtu. Mlimani, ahadi ile yamfunga kijana ulimi. Auona ukungu, na nyumbani wana wake wangoja unga. Akinyamaza, na likatokea la kutokea, tajiri atasema, "Yeye ndiye aliyeniongoza." Kumbe ukimya ule aliununua mwenyewe asubuhi.

Mwenye kupinga atasema: akilipwa hata wasipofika, mvivu atasingizia mawingu. Neno hili lina ukweli, maana wavivu wapo. Lakini yapimwe madhara mawili: tajiri kupoteza ujira wa siku, au watu wawili kupoteza roho zao. Kanuni ya mafakihi ni kuwa kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Na kilele cha matembezi si dharura wala si haja, ni pumbao la halali. Dawa ya mvivu ni kuuliza habari zake kabla ya safari, si kumtundikia mkate wake juu ya jabali.

Lililo salama ni ijara ya siku: ujira maalumu, tangu alfajiri hata magharibi, kilele kifikiwe kisifikiwe. Na lisemwe wazi chini ya mlima, kabla ya hatua ya kwanza, kuwa neno la kurudi halimpunguzii kiongozi hata senti moja. Atakaye kumzidishia kwa kufika, na amzidishie mwisho wa safari bila ya kumwahidi mbele.

Rungwe utakuwapo kesho na kesho kutwa. Roho ni amana. Aliyekodi miguu ya mwenziwe hakuikodi roho yake.

Wallahu aalam.